Madirisha Manane

Fundi wa reli alistaafu siku moja na mabehewa yake: yeye akarudi nyumbani, yenyewe yakauzwa kama vyuma chakavu. Kaka yake, aliyeendesha treni ya mvuke kwenye reli hiyohiyo, sasa alilala chumba cha mbele, kumbukumbu zimempotea, hamjui hata ndugu yake. Fundi akajipa moyo kwamba treni ndogo ya mezani, ikifanana kabisa na ile yao, huenda ikamzindua.

Akachonga mabehewa ya abiria kwa vipimo vya kweli, marefu, madirisha manane kila upande. Injini ilipoyavuta, yakapinduka kwenye kona ya kwanza, maana chumba kilikuwa kidogo na kona ilikuwa kali.

"Baba watoto, ama ukate mabehewa ama uvunje ukuta," mkewe akamtania.

Fundi akashika msumeno, akakata kila behewa na kubakiza madirisha matano. Treni ikazunguka bila kuyumba. Akamwinua kaka yake, akamwegemeza kwenye mto.

Mgonjwa akaitazama sana, midomo ikicheza.

"Yetu yalikuwa na madirisha manane," akasema polepole. "Umeyafanya nini, mdogo wangu?"

Fundi alikuwa amekwisha kukata tamaa ya kuitwa hivyo tena. "Ngoja, kaka, nitayaunga," akajibu, akaingia chini ya meza kupapasa vile vipande alivyovikata. Alipotoka navyo mkononi, kaka yake alimtazama kwa adabu.

"Samahani, bwana," akasema, "unamtafuta nani hapa?"