Nilipouza Hisa za Kiwanda cha Sabuni

Walisema sitaweza, mwanangu. Nakumbuka niliporudi Bukavu na diploma yangu ya Ulaya, watu wa Bagira walinitazama na kusema, "Ule iko wa koti tu, sabuni hataiweza." Nikajenga kiwanda cha sabuni, na baadhi yao wakaja kuomba kazi. Najisifu, ndiyo. Aliyelima mwenyewe ana haki ya kutaja shamba lake.

Lakini diploma haikunizuia kukosea. Baada ya miaka kadhaa, mfanyabiashara wa Kamituga alitaka kununua hisa zangu zote. Fedha hizo nilizihitaji sana: tonton, yaani mjomba wangu wa Nyangezi, na marafiki watatu walikuwa wamenikopesha mtaji, nao walikuwa wamengoja mno. Nikampelekea Maman Sifa, mhasibu mzee, karatasi za kampuni ili aniandalie mauzo na kodi yake.

"Papa, hizi hisa zilikukamata makuta ngapi?" akauliza.

Zilinigharimu fedha ngapi? Swali la ajabu, niliwaza. Kodi inajali nini mambo ya zamani?

"Andika tu bei ndogo ya kuuza, maman, kodi ipungue. Kila mutu anafanya vile."

"Sawa. Na mununuzi akikulipa ile bei ndogo, utamushitaki na karatasi gani? Na diploma?"

Akanieleza polepole: kodi haikatwi kwenye bei yote, hukatwa kwenye faida, na faida ni bei ukitoa ulichoingiza kwa ushahidi. Udadisi ukanishika. Kumbe hisa zangu zilinigharimu kiasi gani hasa?

Sikujua. Siku ya kuanzisha kampuni niliandika mtaji mdogo kabisa, kisa kukwepa gharama za usajili, nikajiona mjanja. Kiwanja cha kiwanda nilikinunua kwa mashahidi na mtungi wa kasiksi. Pombe ile ya ndizi ilinyweka vizuri, lakini hakuna aliyeandika neno.

Tulipekua masanduku juma zima. Risiti za chungu kikubwa na za mashine ya kukatia zilipatikana, zikapunguza kodi. Kiwanja kikahesabiwa kama kitu nilichookota njiani. Nililipa kodi yote, nikabaki na pengo kwenye deni la walionikopesha, nikaliziba kwa kuuza gari langu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi usingoje mnunuzi abishe hodi ndipo utafute risiti. Unachoingiza kwenye kampuni kiandike siku ile ile, wenzako watie sahihi. Na sheria ya kodi hubadilika. Iulize kabla ya kuuza, kwa maana baada ya kuuza utaambiwa tu, hutashauriwa.

Mkopeshaji wa mwisho alikuwa tonton. Nilifika Nyangezi kwa pikipiki, nimejaa vumbi, nikamkabidhi fedha zake zote.

"Na gari iko wapi?"

"Ilienda na kodi, tonton."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniwekea mkono kichwani, na maneno aliyosema nakupa wewe leo: Mungu abariki jasho lako, mwanangu, na kila uliyemwahidi akuone ukija kwake bila kujificha.