Vidonge Viwili vya Mama Nsimire

Aibu hii nimekaa nayo miaka mingi, na ninaisimulia leo kwa sababu Mama Nsimire, jirani yangu hapa Nakivale, akiisimulia yeye inazidi kuwa mbaya.

Watafiti wa Mbarara walitaka damu ya watu wazima wenye afya, waone vidonge vya kutuliza maumivu na uvimbe vinazifanya nini zile chembe nyeupe zinazotulinda na magonjwa, nami, kwa kuwa nilikuwa na Kiingereza kidogo (cha kuokota sokoni), nikafanywa mkalimani. Sharti lilikuwa moja: siku saba bila kidonge cha maumivu. Daktari wao alieleza kwamba chembe hizo hupelekeana habari adui akiingia mwilini, na kidonge hupunguza habari hizo. Kwa hiyo alitaka damu ambayo haijaguswa, aitie dawa mwenyewe kwenye kichupa, kisha alinganishe.

Sasa, kwetu kidonge hicho si dawa. Mkulima anakinywa kabla ya kushika jembe kama anavyokunywa chai, na ukimuuliza kama ametumia dawa ataapa kuwa hajatumia. Nikabuni mpango: kila mtu anikabidhi vidonge vyake vikiwa kwenye karatasi yenye jina lake, nivitunze kwenye mfuko wa koti langu mpaka damu itolewe. Watu kumi na mmoja wakanikabidhi, na mimi nikawahutubia juu ya uaminifu, tena kwa kirefu.

Siku ya sita nilipalilia maharage, na asubuhi ya safari ya kwenda Mbarara kutoa damu goti lilikuwa limevimba kama papai. Nikajiona akilini, mimi mkalimani, nikishuka garini nachechemea mbele ya madaktari. Koti lenye vidonge lilikuwa limening'inia pale pale. Nikachukua viwili vya Mama Nsimire (ndiye aliyekuwa na vingi), nikavimeza, nikafunga karatasi vizuri.

Kabla gari halijapita mji wa Isingiro goti lilikuwa limetulia, ila moyo ndio ulioanza kugonga. Nilipanga kumwambia daktari kando, lakini tulipofika akaniweka wa kwanza ili wenzangu waone haiumi sana, akaniuliza mbele yao kama nimemeza kidonge chochote wiki hiyo. Nikasema hapana. Halafu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, nikawatafsiria wote hiyo hapana yangu.

Damu yangu ikaingia kwenye kichupa, kikawekwa na vingine, nami nikabaki nikikitazama kama mtu anayetazama sufuria iliyosahauliwa motoni. Walipomaliza wote, Mama Nsimire akasema kichwa kinamuuma, akaomba karatasi yake. Akaifungua polepole.

"Papa Bahati, hapa kulikuwa kumi. Naona munane. Mbili ziko fasi gani?"

Nikasema labda zilianguka garini.

"Zilianguka, na karatasi ikabaki imefungwa?"

Daktari akageuka. Kumbe baba yake alikuwa askari, na yeye alikulia kwenye kambi ya jeshi akisikia Kiswahili kila siku.

"Mzee, ni wewe ulikunywa?"

"Ni mimi."

Akachukua kichupa changu, akafuta jina, akakitenga. Hilo ningelivumilia. Lakini akavitazama vile kumi na kimoja vingine, akauliza taratibu, "Na hawa wengine, majibu yao wewe ulitafsiri ukweli?" Nikaona siku saba za watu kumi na mmoja zikitaka kumwagwa kwa ajili ya goti langu, na hakuna neno langu ambalo lingesadikika tena.

Mama Nsimire ndiye aliyetuokoa. "Dokta, damu yetu iko safi. Bidonge byote alikuwa nabyo yeye."

Wakacheka, hata daktari. Akamuuliza kila mmoja upya, bila mimi, akazipokea damu zao.

Tulipoitwa mara ya pili, vidonge alivitunza Mama Nsimire. Nilimpelekea vyangu mwenyewe, akavihesabu mara mbili, kisha akaniambia nitoe na vile vya mfuko wa suruali. Nikavitoa.