"Yeye kwanza": mzee wa reli aliyekataa maji wodini Kamina

Wakuu, salamu zenu humu ndani. Anayedhani hii ni chai aweke kikombe chini, haya niliyaona kwa macho yangu.

Enzi hizo nchi inaitwa Zaire. Mimi muuguzi mpya katika hospitali moja ya Kamina, binti wa askari, nimelelewa Base, kambi ya jeshi ya hapo. Kwetu kambini kubembeleza ni kupaza sauti, mtanisamehe.

Akaletwa Papa Ngoie, mstaafu wa reli, zamani dereva wa treni za makaa. Kumbukumbu zilikuwa zimeshamtoka. Mke wake, Mama Ngoie, mzee alimdhani mama yake mzazi, naye maskini anaitika tu, angefanyaje?

Shida ikawa maji. Mzee anaharisha, midomo imepasuka, dripu kila tukiiweka anaing'oa. Daktari akasema wazi: asipokunywa, tunampoteza.

Sasa cheki maajabu. Mwenyewe ndiye anayelilia maji!

"Mayi! Mayi!" kutwa nzima. Ukimpa kikombe, anakisukuma.

"Hapana miye! Yeye kwanza!"

Yeye nani? Kiswahili nacho, "yeye" ni kila mtu.

Nikadhani anamhurumia mkewe. Mama Ngoie akanywa mbele yake. Mzee akakunja uso: "Yeye kwanza!" Tukampa mgonjwa wa kitanda cha pili. Wapi! Mama Ngoie wa watu akanywa tena mpaka tumbo likawa ngoma.

Nikatoa sauti ya kambini, kwamba hiyo ni amri ya daktari.

"Papa, kunywa! Njo ordre ya munganga!"

Akaniangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mtu aliyeajiriwa kwa makosa. Kisha akageukia ukutani.

Mchana treni ikapiga honi stesheni. Mzee akashtuka, akashika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, machozi yanamtoka.

"Yeye iko anakauka! Atapasuka!"

Mama Ngoie akajishika kichwa.

"Aa! Haiko muntu! Njo machini yake anasema!"

Akanieleza huku anacheka na kulia. Injini ya mvuke ikikaukiwa maji inaweza kulipuka ikaua watu. Basi mumewe, hata awe na kiu ya kufa, hakunywa stesheni kabla machini haijajazwa. Ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote.

Nikaenda mbio kuchota ndoo. Nikachuchumaa kando ya kitanda, nikamimina maji kwenye beseni taratibu, ayasikie vizuri.

"Papa, imejaa."

"Imejaa ya kweli?"

"Ya kweli, papa."

Akapokea kikombe. Akanywa.

Wakuu, nilipiga vigelegele! Mama Ngoie anamshukuru Mungu kwa Kiluba, kwa Kifaransa, kwa kila alichokuwa nacho.

Beseni lilibaki chini ya kitanda kile mpaka anaruhusiwa kwenda nyumbani, na kila zamu ilijua: machini kwanza.

Nilichojifunza: hawa wazee hawaropoki. Wako stesheni nyingine tu, na ni sisi wa kuwafuata huko.

Nilisahau kitu. Siku ile alipofika nusu ya kikombe alitua, akaninyooshea mimi kikombe. Nadhani alinifanya mtia makaa wake, tuko safarini kwenda stesheni ya Bukama.

"Na weye kunywa. Bukama iko mbali."

Nikanywa. Watu wa usafi wa hospitali msinianze.

Mnaouguza wazee wa hivi, shusheni hapa chini: kwenu "yeye" alikuwa nani?