Gunia la Paka wa Mama Albina

Alichotendewa Winifrida Challe mwezi wa nane mwaka 2024 kinaelezeka kwa maneno machache, na uchache huo usimfanye mtu adhani ni jambo dogo. Winifrida akiwa kanisani kwenye misa ya kwanza, mwenye nyumba aliingia chumbani mwake kwa ufunguo wa akiba, akawakamata paka wake wawili waliokuwa wamelala kitandani, akawatia ndani ya gunia, akalifunga mdomo kwa kamba na kumkabidhi dereva wa bodaboda akawatupe mbali. Winifrida aliporudi alikuta shuka limeburutwa hadi sakafuni na bakuli la maji limepinduka. Mlango wenyewe ulikuwa umefungwa vizuri, kama alivyouacha.

Winifrida ni fundi cherehani katika soko la Mbinga, mjane aliyevuka miaka hamsini, mzaliwa wa Mbaha kule ziwani. Bintiye Albina ameolewa Songea, na kwa jina la binti huyo ndivyo anavyoitwa na majirani. Chumba na sebule alivyopanga vimo katika nyumba ya Mzee Urbani Ndunguru, mkulima wa kahawa na mwenyekiti wa jumuiya yao ya sala. Siku ya kwanza mzee alimpa masharti akiwa amesimama uani.

"Hapa hatufugi, mama."

Nyuma yake nguruwe wawili walikuwa wakigonga mbao za banda, na jogoo alikuwa akikwangua udongo mlangoni mwa ghala. Winifrida aliwatazama wanyama hao, akamtazama mzee.

"Na hao, mzee?"

"Hao ni wa nyumba. Ninazungumzia wapangaji."

Tuwe wa haki: mzee alikuwa na sababu. Mpangaji wa zamani aliwahi kuwa na paka aliyependa kulala juu ya kahawa iliyoanikwa kwenye vichanja, kwa kuwa mchana huwa na joto zuri, na hakuishia kulala tu. Kila mkulima wa Mbinga anajua kwamba kahawa iliyokaushwa hunyonya harufu yoyote iliyo karibu nayo, iwe ya mafuta ya taa, ya moshi au ya mkojo, na haiitoi tena. Winifrida aliyakubali masharti, na kwa miaka mitatu aliyashika.

Kisha mama yake akafariki Mbaha. Baada ya matanga ndugu waligawana masufuria, nyavu na shamba la mihogo. Paka wa marehemu, jike la kijivu lililoitwa Tulia, halikutajwa na mtu. Lilikuwa limeketi mlangoni mwa chumba kilichobaki kitupu, likiwatazama watu wakitoka na vyombo. Winifrida alilitia kwenye tenga, akalifunika kwa kanga ya mama yake na kupanda nalo milima hadi Mbinga. Hakumwomba mzee ruhusa, kwa sababu alijua jibu, na kwa sababu siku ile hakuwa na nguvu ya kukataliwa.

Muda si mrefu Tulia akazaa. Watoto wengine walichukuliwa na wenzake Winifrida wa sokoni, akabaki dume mmoja mweupe mwenye doa jeusi puani, ambaye Winifrida alimwita Hayakuhusu. Jina hilo alilichagua makusudi, kwa ajili ya Mama Joakim, mke wa mwenye nyumba, mwanamke mwenye masikio mapana na maswali yasiyokwisha.

"Mama Albina, unaongea na nani humo ndani?" Mama Joakim aliuliza siku moja kutoka dirishani.

"Hayakuhusu!" Winifrida alisema, akimkanya paka aliyepanda mezani.

Kwa wiki nzima Mama Joakim hakumsalimu, na Winifrida hakuweza kumwomba radhi bila kumfichua paka.

Ndivyo alivyoishi, na asidhani mtu kwamba yalikuwa maisha. Alipofika kazini moyo ulibaki nyumbani, na alipokuwa nyumbani masikio yalibaki uani. Paka akilia, alikanyaga cherehani hata kama hakikuwa na kitambaa. Akisikia ndala za mzee zikipita, alisimamisha sindano katikati ya mshono na kusubiri zipungue. Majivu ambayo paka walijisaidia humo aliyatoa alfajiri ndani ya mfuko wa vipande vya nguo, kama mtu aliyeiba. Mtu mzima, mlipa kodi kwa wakati, mshona sare za nusu ya wanawake wa jumuiya ile, alikuwa akinyata ndani ya chumba chake mwenyewe.

Ukafika msimu wa kuuza kahawa. Mzee Urbani alipeleka mzigo wake kwenye ghala la chama cha ushirika, na mpokeaji akatia mkono ndani ya gunia, akanusa, akatikisa kichwa. Ina harufu ya samaki, alisema, irudishwe. Mzee alirudi nayo yote, mbele ya macho ya wenzake. Njiani alifanya hesabu yake: nani nyumbani kwangu anakula samaki kila siku? Mtu wa ziwani. Na ni kitu gani kinachoweza kubeba samaki kutoka chumbani kwake hadi ghalani kwangu? Mama Joakim, ambaye hakuwa amesahau lile jibu la dirishani, alimwambia alichokuwa akikishuku muda mrefu, kwamba chumbani mle mna paka. Asubuhi iliyofuata ndipo ufunguo wa akiba ulipofanya kazi.

"Shikamoo, mzee," Winifrida alisema aliposimama mbele yake uani, kwa kuwa hata hasira ina utaratibu wake.

"Marahaba," mzee alijibu kwa mazoea, kisha akakumbuka kwamba yeye ndiye aliyekasirika. "Umeniharibia mwaka mzima. Mwisho wa mwezi uhame."

"Paka wangu wako wapi?"

"Wako mbali. Nami nilikueleza siku ya kwanza."

"Ulinieleza. Lakini uliingia chumbani kwangu, mzee. Palipo na kitanda changu na nguo zangu za ndani. Hilo ulinieleza siku gani?"

Mama Joakim akaingia jikoni kufuata sufuria ambayo haikuwa motoni.

Haikuwa vigumu kumpata dereva wa bodaboda. Raimundi, baba wa watoto wanne, ndiye aliyezoea kubeba mizigo ya mzee. Winifrida alimkuta kijiweni, na Raimundi akainamisha kichwa kabla hajaulizwa.

"Nimewaacha Kigonsera, mama. Karibu na misheni. Nilifikiri pale hawatakosa jiko."

"Nipeleke."

"Sasa hivi?"

"Ulipowapeleka wao ulisubiri kesho?"

Walikwenda. Huko Kigonsera Winifrida alizunguka kati ya nyumba, kwenye mashamba yaliyovunwa na nyuma ya majiko, akiita kwanza kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti yote. "Tulia! Hayakuhusu! Hayakuhusu!"

Wazee wawili waliokuwa wakipukuchua mahindi kibarazani walitazamana.

"Mama," mmoja alisema, "mbona sisi hatujauliza kitu?"

Winifrida alicheka, mara ya kwanza siku ile, akiwa karibu na kulia. Ndio hao waliomwelekeza kwa Bibi Bonifasia, ambaye asubuhi alikuwa amekuta paka mweupe akijipasha moto kando ya mafiga yake. Alikuwa Hayakuhusu, amejaa kiburi kama kawaida. Tulia hakuwepo. Waliulizia mpaka jua lilipoanza kushuka, wakarudi na paka mmoja ndani ya koti.

Njiani Winifrida alisumbuliwa na picha moja tu: wanyama wale gizani, wakilia. Waliposimama kupumzisha pikipiki akamuuliza Raimundi kama walilia sana.

"Hapo ndipo nilishangaa, mama. Walinyamaza kabisa. Nilisimama nikasikiliza, nikadhani wamekufa. Kumbe walikuwa wanalamba gunia."

"Wanalamba?"

"Wanalamba, hivi." Akatoa ulimi kuonyesha. "Gunia lenyewe hili, nimelikalia. Ni la mzee, lazima nirudishe."

Winifrida alilichukua, akalifunua, akatia uso ndani. Mtoto yeyote wa Mbaha angelitambua: lilikuwa gunia la usipa, dagaa wale wadogo wanaokaushwa mchangani na kupandishwa Mbinga kila wiki. Lilikuwa limefuliwa, lakini katani haisahau. Hayakuhusu alitoa kichwa ndani ya koti na kulinyooshea pua. "Nitalirudisha mwenyewe," Winifrida alisema.

Jumamosi jumuiya ilisali nyumbani kwa Mzee Urbani mwenyewe. Winifrida hakuwa amelala vizuri tangu Kigonsera. Aliketi kwenye mkeka akilikunja na kulikunjua gunia magotini, wimbo wa kwanza ukampita bila kuusikia. Sala zilipokwisha na mwenyekiti akauliza kama kuna jambo, alisimama.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina."

"Nilificha paka katika nyumba ambayo haikuruhusu. Hilo ni langu, nalikiri mbele yenu. Sasa naomba gunia hili lipite, kila mtu anuse."

Gunia lilipita mkono kwa mkono. Mmoja akasema usipa. Mwingine akasema usipa, na wa kitambo. Mtu wa nyuma akauliza kama ugali umeshaiva, wakacheka. Likafika kwa Mama Joakim, naye akalinusa muda mrefu kuliko wote.

"Baba Joakim," alisema taratibu, "hili si moja ya yale magunia uliyonunua sokoni ya kutilia kahawa, yale mapya yalipochelewa?"

"Niliyafua," mzee alisema.

"Uliyafua. Nami niliyaanika. Kahawa ikapata joto ghalani, harufu ikaamka."

Hakuna aliyecheka tena. Mzee aliliweka gunia usoni, akaliteremsha. Alikuwa na miaka sabini, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta pa kuupeleka.

"Lakini paka ulikuwa nao," alisema.

"Nilikuwa nao, na hilo nimelibeba. La kahawa silibebi. Na la ufunguo, mzee, ni lako peke yako. Hata kama wangekuwa wamelala juu ya kahawa yako yote, ungegonga mlango."

Wanawake wa jumuiya, wengi wao wapangaji kama yeye, waliitikia kwa mguno mzito. Ilionekana wazi kwamba kila mmoja alikuwa na ufunguo wake wa akiba aliokuwa akiufikiria. Mzee Urbani alilikunja lile gunia, akaliweka kando yake. Kisha akasema kwamba Mama Albina hatahama, na kwamba kesho yake yeye mwenyewe atakwenda Kigonsera kumtafuta yule wa kijivu.

Alikwenda kweli, na akarudi huko mara kadhaa, akiuliza mlango kwa mlango habari za paka wa mtu mwingine. Winifrida alimshukuru kila aliporudi mikono mitupu, na kila mara alirudi chumbani akashindwa kukaa. Hayakuhusu alizunguka kitanda akinusa mahali pa mama yake, naye alimfuata kwa macho, akainuka, akaketi, akainuka tena. Nashindwa kuiita hii haki iliyokamilika.

Tarehe 14 Septemba 2024 Mzee Urbani aliwakabidhi wapangaji wake wote funguo za akiba mbele ya jumuiya, na tangu siku hiyo kila mpangaji wa nyumba ile anaruhusiwa kufuga paka, mradi asifike ghalani, lakini Tulia hajapatikana hadi leo.