Namba ya Siri ya Mama wa Woodley

Sina sare. Jambo hilo sikulitilia maanani siku niliyotia sahihi mkataba wa kusambaza vifurushi. Gari ni langu, mafuta ni yangu, pancha ni yangu, na kampuni hunilipa kwa kila kifurushi kinachomfikia mwenyewe. Kinachorudi ghalani hakina malipo. Wenyewe hutuita makontrakta huru. Huru kabisa, hata kalamu najinunulia.

Lakini kazi naipenda, sitadanganya. Zamani niliendesha basi la shule, sare mwilini na kitambulisho shingoni, nikiamrishwa hadi namna ya kufunga dirisha. Sasa napakia mizigo katikati ya jiji kabla barabara hazijafungana, kisha naelekea zangu magharibi, na nikitamani mahindi ya kuchoma pale Kangemi, nasimama nakula bila ruhusa ya mtu. Shida yangu ni wakazi wa Nairobi tu. Huwezi kumwambia mtu umemletea kitu asikushuku.

Wiki hiyo ilianza vibaya. Mzigo wa Kangemi niliurudisha kwa sababu simu ya mwenyewe ilikuwa imezimwa, wa Kilimani nikaurudisha kwa sababu mwenyewe alikuwa amesafiri. Msimamizi wa ghala hakunipigia kelele. Aliniambia tu, "Boss, ukirudisha ingine leo, hii route napatia mtu mwingine." Na watu wenye magari wanaongoja nafasi kama hiyo hawakosekani. Niliondoka nikijiapiza kwamba leo mteja hata akiwa juu ya mti, nitampandia.

Kifurushi cha mwisho kilikuwa cha Woodley, zile nyumba za zamani za baraza la jiji kando ya Ngong Road. Mwenyewe alikuwa mama mzee aliyestaafu, tayari amesimama getini akiningoja. Nikajisemea, hapa hakuna taabu. Kabla sijazima gari alikuwa ameshanieleza kwamba ndani mna nguo aliyoshonewa na binti yake huko Mombasa, na ndiyo atakayovaa kwenye harusi ya mjukuu wake Jumamosi.

"Sawa mama," nikasema. "Nisomee tu ile namba imeingia kwa simu yako."

Uso wake ukabadilika. "Namba gani?"

"Ya kuonyesha umepokea."

"Kijana, hiyo namba kila siku kwa redio wanasema usipatie mtu. Weka mzigo hapo chini, uende."

Nikamweleza taratibu kwamba bila namba simu yangu haifungi hiyo kazi, na mzigo huhesabiwa kuwa umerudi hata kama yeye ameshauvaa. Niliona kabisa kila neno linanizamisha. Wakora nao huongea hivyo hivyo, kwa upole, mama huku na mama kule.

"Uniform yako iko wapi?"

"Hatupewi, mama. Mimi ni kontrakta."

"Kontrakta wa kujenga?"

Jirani aliyekuwa akiosha gari lake akafunga mfereji, akaja na ndoo yake mkononi. "Mathe, usimpee! Hao ndio wanafagia watu pesa kwa simu."

Damu ikanichemka. Hasira zangu haziko mbali, mke wangu atakuambia. Nikamwambia mama apige simu kwa kampuni yenyewe, namba imeandikwa kwenye kifurushi, aulize kama mimi ni mtu wao. Kisha nikakunja mikono nikingoja kuombwa msamaha.

Mama akapiga, akaweka spika. Msichana wa huduma kwa wateja akachukua jina langu na namba ya gari, akasema kwa sauti tamu, "Nimeangalia, mama. Huyo si mfanyakazi wetu. Ni kontrakta huru anaye..."

Hayo ya kontrakta hakuna aliyeyasikia. Jirani aliweka ndoo chini. Mimi mwenyewe niliumia. Msichana hakusema uongo, ndivyo mkataba unavyosema na sahihi ni yangu, lakini kusimama kwenye geti la mtu na boksi mkononi ukikanwa kwa adabu namna ile kunauma, acha tu.

"Sasa wewe ni wa nani?" mama akauliza. Akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni. "Uko na bibi?"

"Niko naye."

"Leta namba yake. Nitapiga mimi."

Mke wangu huuza mboga Kinoo, na saa hizo wateja huwa wamemjaa. Nikaomba Mungu mke wangu ashike simu. Akashika.

"Niko na bwana yako hapa Woodley," mama akaanza. "Tumemsimamisha kidogo."

Nikafumba macho. Ile redio ya kuonya watu kuhusu wakora, hata nyumbani tunasikiliza hiyo hiyo.

"Mama," mke wangu akasema, "mimi situmi pesa. Hata shilingi. Kama mmemshika, kaeni na yeye."

Jirani akacheka hadi akashikilia geti.

"Mimi sitaki pesa," mama akasema.

"Mnaanzanga tu hivyo. Saa hii hutaki, baadaye ni ya faini, halafu ni ya hospitali."

"Anafanya kazi gani, huyu bwana yako?"

"Si uko na yeye? Muulize."

Mama alikuwa ameanza kutabasamu, maana amekutana na mwenzake. Alipotaka kukata simu, sauti ya mke wangu ikarudi, safari hii imeshuka. "Lakini mama. Kama ni ukweli uko na yeye, mpatie hata chai. Anatokanga asubuhi sana na hizo parcel za watu, bila kukula kitu."

Sikujua kama huwa anaona. Natoka akiwa amelala, au ndivyo nilivyodhani. Nikajifanya nasoma maandishi ya kifurushi.

"Ingia kwa nyumba," mama akaniambia. "Mkora hawezi kuwa na mtu kama huyo."

Nikanywa chai ya maziwa, na mkate uliopakwa siagi bila uchoyo. Kisha mama akatoa simu, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, asione kitu. Miwani haikujulikana iliko. Akatoka mlangoni akamwita jirani, na yule yule bwana wa ndoo akaisoma namba ya siri tarakimu moja moja, kwa sauti ya mtu anayeuza mali mnadani. Nikabonyeza, simu ikakubali. Nilifurahi kama niliyeshonewa ile nguo mimi.

Nilipoingia garini nikampigia mke wangu, nikamwambia nimekunywa chai.

"Chai gani?" akauliza. Halafu akashtuka. "Ngai! Kwani ilikuwa ukweli?"