"Mi si muchafu": Assia wa Buyenzi na miaka kumi na tano ya chunusi

Saa moja asubuhi, mbele ya gereji moja mtaani Buyenzi, Assia anageuza chapati kwenye jiko la makaa. Mafundi watatu wanasubiri, mikono imejaa grisi. Mmoja wao, Eddy, anamtazama usoni.

"Dada, ungekuwa unanawa na sabuni, hizo vitu zingetoka."

Assia anainua kichwa. "Mi nanawa mara ine kwa siku. We na hiyo grisi, unanawa mara ngapi? Kama uso yangu inakusumbua, chapati ziko hata kwa wengine."

Eddy anapokea chapati yake na kurudi ndani ya gereji.

Mashavu na kidevu vya Assia vimejaa chunusi nyekundu, nyingine kubwa kama punje ya maharage. Ana miaka thelathini na minne. Zilianza akiwa na kumi na tisa, na hazijawahi kumpa likizo.

Zamani alikuwa mhudumu katika mgahawa mmoja mjini. Siku moja tajiri wake alimwita kando. "Aliniambia wateja wanashindwa kula wakiniona. Akasema, enda ujisafishe kwanza. Hakunirudisha tena."

Akajisafisha kweli. Kwa limau, kwa jivu, kwa sabuni ya unga ya kufulia, akisugua mpaka ngozi ikatoa maji. Chunusi zikazidi. Mwaka jana jirani alimwelekeza kwa muuza vipodozi sokoni, akapewa kopo la pomadi lisilo na maandishi yoyote. Ndani ya wiki moja uso ukatulia. Baada ya miezi mitatu alipoacha kuipaka, uso ulilipuka: usaha, wekundu, ngozi nyembamba inayochoma akitoka tu juani.

Christa, muuguzi anayemtibu katika zahanati ndogo, naye hafichi ghadhabu yake.

"Chunusi si uchafu," anasema. "Kila mtu ana mafuta na bakteria kwenye ngozi. Kitundu cha ngozi kikiziba, bakteria wanaongezeka, na kinga ya mwili inakuja kupigana nao. Hapo ndipo panavimba, panakuwa pekundu, panauma. Kwa watu wengine kinga inapigana kupita kiasi, inaumiza hata ngozi yenyewe. Ukisugua, unaongeza uvimbe."

Na pomadi? Kwa dalili alizoziona, Christa anaamini ilichanganywa na dawa kali ya kuzima uvimbe. "Inanyamazisha kinga tu, haitibu. Ukiacha, uvimbe unarudi mbaya kuliko mwanzo."

Assia aliposikia hayo hakulia. Alikwenda moja kwa moja sokoni, kopo mkononi.

"Umetia nini humu?"

"Wengine wanarudi kunishukuru," muuzaji alimjibu bila kuinuka.

"Apana! Niangalie mi. Nakuuliza, umetia nini?"

Msichana mmoja alikuwa amesimama hapo akichagua. Assia alimwonyesha mashavu yake, akamsihi asinunue. Msichana alimtazama, akanunua makopo mawili, akaondoka.

"Hiyo ndiyo iliniuma kupita yote," anasema. "Hakuona pomadi ilichonifanya. Aliona mwanamuke muchafu, basi."

Sasa ana miezi minne kwenye matibabu ya Christa. Chunusi mpya zimepungua, ingawa makovu yamebaki. Hasira haijapungua. "Miaka kumi na tano niliinamisha kichwa mbele ya watu. Kumbe mwili yangu ilikuwa inajitetea!"

Na sasa binti yake wa miaka kumi na mitatu ameanza kutokwa na chunusi kwenye paji la uso. Wiki iliyopita mwalimu alimtoa darasani akanawe, wenzake wakacheka.

Jumatatu Assia hatawasha jiko. Atampeleka binti kwa Christa mapema, kabla mtu hajampa kopo lolote. Kisha wataongozana hadi shuleni.

"Mwalimu alimuambia mbele ya darasa," anasema. "Na mi nitamujibu mbele ya darasa."