Nitaondoka na Ile ya Zamani

Mke wangu alijifunza kuendesha gari akiwa na miaka hamsini na miwili, na mimi nilimwachisha kwa maneno machache. Niliyasema kwenye kituo cha kupoza maziwa, mbele ya foleni ya majirani na madebe yao, tena kwa sauti, kwa sababu mimi si mtu wa kunong'ona.

"Huyu mama ameniharibia four-wheel," nilisema. "Anazungusha ile kitufe kama mtu anatafuta stesheni ya redio."

Foleni ilicheka. Mimi pia nilicheka, nikajiona mcheshi. Tulipofika nyumbani yeye alitundika ufunguo kwenye msumari ulio nyuma ya mlango wa jikoni, akasema, "Gari yako ndiyo hiyo. Mimi sigusi tena."

Gari lenyewe ni pikapu kuukuu ya dizeli. Kwetu Ndabibi, kiangazi udongo ni vumbi linaloingia mpaka kwenye chai, na mvua ikinyesha unageuka uji. Kati ya boma letu na kituo cha maziwa kuna mteremko ambao wakati wa mvua haupandwi bila four-wheel. Unazungusha kitufe kwenye dashibodi, taa ndogo ya kijani inapepesa mara mbili tatu, inatulia, na magurudumu ya mbele yanaanza kuvuta. Msimu ule taa ilianza kupepesa bila kutulia. Mke wangu akakwama mteremkoni na maziwa ya kikundi chote cha akina mama, akavutwa na trekta, na alipofika kituoni maziwa yalikuwa yameanza kuchacha, yakakataliwa. Hapo ndipo nilipotokea na hotuba yangu.

Nilijua ninamuumiza wapi. Alikuwa ameanguka mtihani wa udereva mara mbili. Mara ya tatu alipopita, alipika chapati za kulisha ukoo, na tangu siku hiyo wenzake walimwita "dereva" hata kanisani. Mimi nilifanya kazi kwenye mitambo ya umeme ya Olkaria miaka mingi nikitazama mita za mvuke, kwa hiyo hapa kwetu ninahesabiwa kuwa mtaalamu wa kitu chochote chenye waya. Anayenihesabu hivyo zaidi ni mimi mwenyewe.

Kwa wiki tatu nilipeleka maziwa peke yangu, nikizungukia njia ndefu ya kukwepa mteremko. Yeye alibeba galoni la maziwa yake mgongoni akatembea matopeni, na nikimpita akawa anatazama ng'ombe za watu. Nilitaka arudi kwenye usukani. Nilitaka sana, kusema kweli, nyumba ilikuwa imepoa. Ila sikutaka kuomba msamaha. Niliona nikitengeneza gari mambo yatajirudi yenyewe, na suala la nani alikosea litasahaulika.

Basi Jumamosi moja nikaamka mapema nikaelekea Nakuru kwa fundi wa waya niliyeelekezwa, mama mmoja mwenye ovaroli na miwani iliyofungwa kwa uzi. Kabla hajagusa gari nilimwambia, "Chochote utakachotoa, nitaondoka na ile ya zamani."

"Ni haki yako, mzee," alisema, akaendelea kunywa chai.

Ni desturi yetu. Usipobeba kifaa cha zamani, utashangaa baadaye kama fundi alipangusa kile kile chako akakirudisha. Mke wangu ndiye mkali zaidi kwa hilo. Aliwahi kumfanya fundi mmoja wa Naivasha achimbue klachi yetu ya zamani kutoka rundo la vyuma, na gari likitoka gereji swali lake la kwanza huwa moja tu: ya zamani iko wapi?

Fundi alichomeka mashine yake ya kusoma makosa, akasoma, akaichomoa. "Mota ya mbele iko sawa. Waya ziko sawa. Imekufa ni kompyuta ya four-wheel."

"Mtu akizungusha kitufe vibaya inaweza kufa?" niliuliza, nikiwa na matumaini.

"Kitufe ni ya kuzungushwa, mzee."

Aliinama upande wa abiria, akafungua plastiki iliyo karibu na miguu, akatoa kiboksi kisichozidi pakiti ya majani ya chai. Alipokifungua alirudisha kichwa nyuma.

"Mzee, hii gari hunyonyesha?"

Nilichungulia. Ndani kulikuwa na ukoko wa manjano, kama ule unaobaki chini ya sufuria ya maziwa, na pini zote zilikuwa zimeota kutu ya kijani. Harufu sitaieleza.

"Labda ni mvua," nilisema.

"Mvua haigandi."

Hapo nikakumbuka, na nikatamani kukaa chini. Kila Jumapili mimi humpelekea mama mkwe galoni la maziwa kule juu Eburru. Mkwe haendi mikono mitupu, na maziwa ya mama mkwe hayawezi kusafiri nyuma mahali ndama alisimama Ijumaa. Kwa hiyo huyaweka mbele kwa heshima, miguuni pa abiria, yameegemea ile plastiki. Kifuniko cha galoni kilikwisha meno zamani, nikawa nakibana na karatasi ya nailoni. Mke wangu aliniambia mara nyingi kwamba yatamwagika. Nilimjibu kwamba heshima haibebwi nyuma ya pikapu. Kumbe miaka miwili heshima yangu ilikuwa inavuja tone kwa tone ndani ya kompyuta.

Fundi alinituma nitafute nyingine yenye namba ile ile, mpaka herufi ya mwisho, akanipa ile mbovu nikalinganishe. Nilizunguka maduka matatu ya vipuri vya mtumba vya ex-Japan. Kila muuzaji aliipokea, akaisogeza karibu asome namba, kisha akanitazama mimi badala ya namba. Wa tatu alikuwa nayo. Fundi akaifunga, akaiunganisha na mashine yake ili ilijue gari, akaniambia nizungushe. Taa ikapepesa mara mbili, ikatulia. Nilifurahi nusura nimkumbatie.

Kisha akanikabidhi mfuko uliofungwa fundo. "Ya zamani, mzee. Kama ulivyosema."

Nilirudi na madirisha wazi. Baada ya kupita Gilgil nilisimama kando ya barabara, nikautupa ule mfuko mtaroni, nikarudi kwenye gari nikiwa mwepesi. Nilikuwa nimeshawasha injini nilipoliona jambo lote mbele yangu. Ataniuliza ya zamani iko wapi. Nitasema nimesahau. Atasema nimeibiwa, na Jumatatu atanirudisha Nakuru, tukamfokee mama wa watu aliyefanya kazi yake vizuri kuliko mimi nilivyofanya yangu maisha yote. Nikazima injini, nikashuka mtaroni na suruali nzuri.

Mwenye bodaboda alisimama. "Boss, umepoteza nini?"

"Kompyuta," nilisema.

Alinitazama kwa huruma, akaondoka taratibu.

Nilifika nyumbani bado jua liko juu. Mke wangu alikuwa jikoni anakata mboga za sukuma. Hakuinua kichwa. "Ya zamani iko wapi?"

Niliuweka mfuko mezani. Aliufungua, na hakuhitaji kusogeza pua.

"Hii ni maziwa," alisema.

"Ni maziwa."

"Ya nani?"

"Ya mama yako."

Kisu kilisimama. "Mama yangu ndiye aliyaweka hapo?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. "Hapana. Ni mimi. Uliniambia nikakataa kusikia. Halafu nikakusingizia mbele ya watu. Nisamehe, mama."

Alikata majani mengine mawili matatu. "Mbele ya watu," alisema. "Na hapa jikoni, mzee, unahesabu watu wangapi?"

Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi ya Jumapili niliangalia nyuma ya mlango nikakuta msumari mtupu. Nilitoka mbio na galoni la mama mkwe mkononi, nikamkuta yuko kwenye usukani, injini inanguruma, madebe ya akina mama yamepangwa nyuma. Nilifungua mlango wa mbele. Kwenye kiti changu aliweka mkoba wake.

"Maziwa ya mama siku hizi yanakaa nyuma," alisema. "Pamoja na mwenye kuyabeba."

Nikapanda nyuma. Mteremkoni nilishika debe kwa mkono mmoja na galoni kwa mwingine, nikasikia magurudumu ya mbele yakiuma udongo, na pikapu ikapanda bila kuteleza hata hatua moja. Kituoni foleni ilikuwa ile ile. Hakushuka. Alizima injini, akateremsha kioo, akakunja mikono akatazama mbele. Nilielewa.

Nilisimama katikati ya madebe nimekumbatia galoni. "Four-wheel niliharibu mimi," nilisema. "Kwa kumwaga maziwa. Huyu mama hakuharibu kitu."

"Sema kwa sauti, mzee," mama mmoja wa kikundi akasema. "Siku ile tulikusikia vizuri."

Nikarudia kwa sauti. Walicheka kuliko mara ya kwanza, na safari hii sikuona kichekesho chochote. Walipomaliza kushusha madebe, mke wangu akawasha gari kabla sijakaa. Nilianguka juu ya tairi la akiba, nailoni ikachomoka, na maziwa ya mama mkwe yakaanza kunilowesha suruali ya kanisani. Kupitia kioo cha nyuma nilimwona akinyoosha mkono kwenye dashibodi, akakizungusha kile kitufe kwa vidole viwili, polepole, kama mtu aliyeipata stesheni yake.